Ng'ombe wanne wa Bahi: jibu kwa msomaji aliyeambiwa hadithi yake haina ploti

"Shikamoo mwalimu. Mimi ni kijana wa miaka 29, nauza vipuri vya pikipiki hapa Dodoma mjini. Mwaka wa pili sasa naandika hadithi kwenye simu wateja wanapopungua, imefika sura ya kumi na moja. Inamhusu Nyemo, binti wa Mvumi. Baba yake anafariki, ameacha ng'ombe wanne kwa baba mdogo huko Bahi. Nyemo anakuja mjini, anafanya kazi za ndani, anafukuzwa, anauza maji ya chupa stendi, anavuna zabibu Hombolo, anapanga chumba Chang'ombe, anapata mchumba, wanaachana, anafungua genge. Rafiki yangu aliyesoma fasihi kidato cha sita ameisoma akasema haina ploti. Nimetafuta mtandaoni nikakuta ploti ziko saba tu duniani na lazima uchague moja. Nimejaribu zote, hakuna inayoingia. Tena wanasema bila mgogoro hakuna hadithi, na Nyemo wangu hana adui. Lakini bibi yangu hakusoma hata darasa moja, na alikuwa akisimulia hatulali. Nichague ploti ipi? Au nifute nianze upya? Nikuambie ukweli, mengi ya humo yamempata dada yangu. Naambatisha kipande cha sura ya tano."

Marahaba, mwanangu. Usifute hata mstari. Sura kumi na moja zilizoandikwa kati ya mteja wa plagi na mteja wa cheni si kitu cha kutupa, hata kama nusu yake haitabaki.

Umeniuliza uchague ploti ipi, yaani namna matukio ya hadithi yanavyoshikana. Niliposoma barua yako mara ya pili niliona kinachokuuma ni kingine: bibi ambaye hakuona mlango wa darasa aliwakesha watoto, na wewe mwenye simu na intaneti umemchosha rafiki mmoja. Kwa bibi tutafika. Tuanze na hizo saba, maana ndizo zilizokutia homa, na ndizo rahisi kuziondoa njiani.

Hesabu ya saba ni ya Mwingereza mmoja, Christopher Booker, aliyeitangaza mwaka 2004. Kwa Kiswahili chetu tungeziita kulishinda zimwi, kutoka uchochole hadi ukwasi, safari ya kutafuta kitu, safari ya ugenini na marejeo, ramsa (hadithi ya kuchekesha inayoishia vizuri), tanzia (ya huzuni inayoishia vibaya), na kuzaliwa upya. Ni hesabu nzuri, mimi mwenyewe huitumia darasani. Lakini mwaka 1895 Mfaransa Georges Polti alikwishahesabu hali za kidrama akapata 36. Na mwaka 2016 watafiti wa Chuo Kikuu cha Vermont, Marekani, waliingiza kwenye kompyuta kazi zaidi ya 1,300 za Kiingereza, wakafuatisha maneno ya furaha na ya huzuni yanavyopanda na kushuka toka mwanzo hadi mwisho, wakapata maumbo sita.

Sasa ni saba, 36 au sita? Hakuna aliyesema uongo. Mwulize mfugaji ana ng'ombe wa aina ngapi, atakutajia rangi na pembe. Daktari wa mifugo atakutajia mbegu, mchinjaji atakutajia kilo. Zizi ni lilelile. Kila mmoja kati ya hao watu alisimama mbele ya hadithi zilizokwisha kusimuliwa akazipanga kwa kitu alichokuwa anakitafuta. Majina hayo huja baada ya hadithi. Ukiyatanguliza unakuwa kama fundi anayeshona suti kwanza ndipo atafute mtu wa kuivaa, halafu mtu akiwa mfupi anamlaumu mtu.

Rafiki yako naye nimtetee kidogo. Alichokihisi ni kweli, ila nadhani hakupata neno lake. Kidato cha sita tunawafundisha miundo: msago, yaani mambo yakisimuliwa moja kwa moja toka la kwanza hadi la mwisho, rejea, yaani hadithi inayoanzia mbele kisha ikarudi nyuma, na rukia, yaani visa viwili au zaidi vinavyopishana. Wanafunzi wengi wanatoka wakiamini hiyo ndiyo ploti. Siyo. Huo ni mpangilio wa kusimulia. Ungeweza kuanza na genge la Nyemo, ukarudi msibani Mvumi, ukarukia Hombolo, na ugonjwa ungebaki palepale, umehamishwa kitanda tu.

Ugonjwa wenyewe aliutaja Aristotle, mwanafalsafa wa Ugiriki aliyefariki mwaka 322 kabla ya Kristo. Katika maandishi yake juu ya tanzia alionya kwamba hadithi haiwi moja kwa sababu tu inamhusu mtu mmoja. Mtu mmoja hupatwa na mambo chungu nzima yasiyojuana. Kinachoifanya iwe moja ni matukio kushikana, kiasi kwamba ukichomoa moja jengo zima linayumba. Sasa jaribu kwako. Chomoa sura ya zabibu. Nini kinaanguka?

Soma tena kipande ulichoniletea: "Nyemo akaamka alfajiri, akaoga, akachukua ndoo yake, akaenda stendi, akauza maji mpaka jua likazama, akarudi Chang'ombe, akapika, akalala." Nimehesabu -ka- tisa. Hapa ndipo ninapotaka ukae nami, maana jambo hili halimo kwenye makala za ugenini ulizosoma, ni letu. Kiswahili kimetupa kiambishi kimoja cha kuisukuma hadithi mbele. Ukikiweka, sikio linatulia, msomaji anahisi mambo yanakwenda. Lakini -ka- inasema tu kwamba hili lilikuja nyuma ya lile. Haisemi lilikuja kwa ajili ya lile. Akaamka hakukuzaa akaoga. Tukizoea, -ka- inatufichia mashimo. Tunaandika kurasa arobaini zinazotembea bila kwenda popote, na kwa kuwa zinatembea tunadhani kuna safari.

Nilipokuwa kijana nilimpelekea mhariri mmoja hadithi niliyoiandika kwenye daftari la kaunta. Ilirudi baada ya miezi mitatu. Hakuandika maoni yoyote, isipokuwa pambizoni, kwa penseli, mara saba: "Kwa nini?" Niliudhika wiki nzima. Baadaye nikagundua yule mzee alinipa darasa la bure.

Basi chukua muhtasari wako, na kati ya kila tukio na jingine jaribu kutia "kwa hiyo" au "lakini". Baba anafariki, kwa hiyo Nyemo anakuja mjini: inakubali. Anapata kazi za ndani, lakini anafukuzwa: inakubali kwa kuchechemea, maana hukusema alifukuzwa kwa kosa gani. Baada ya hapo anauza maji, kisha zabibu, kisha chumba, kisha mchumba, kisha kuachana, kisha genge. Hizo ni "kisha" tano mfululizo. Ningeweza kumpeleka Hombolo kabla ya stendi na hakuna msomaji ambaye angeshtuka.

Sasa bibi. Hujaniambia alikuwa akiwasimulia nini, lakini wengi wetu huku tulikua na ile ya kisima. Kiangazi kimekuwa kikali, wanyama wanakubaliana wachimbe kisima. Sungura anakataa kuchimba, kwa hiyo anakatazwa maji. Lakini kiu haijui katazo, kwa hiyo anakuja na kibuyu cha asali, anamlaghai mlinzi, anakunywa mpaka anaoga. Kwa hiyo wanyama wanabadilisha mlinzi, mara hii Kobe, aliyepakwa ulimbo mgongoni akazama kwenye maji akatulia kama jiwe. Sungura anaweka mguu juu ya jiwe. Umenasa. Anasukuma kwa mguu wa pili, nao huo.

Bibi alisema yote hayo kwa -ka-, kama wewe. Chini ya kila -ka- yake, hata hivyo, palikuwa na "kwa hiyo" au "lakini". Huwezi kumweka Kobe kisimani kabla ya asali. Zaidi ya hapo alikuwa na vitu ambavyo wewe huna. Akisema "Paukwa" mlimjibu "Pakawa", kwa hiyo mlikwisha kuingia ndani ya hadithi kabla haijaanza. Palikuwa na wimbo wa kuitikia, palikuwa na sauti ya Kobe na sauti ya Sungura, palikuwa na giza nje na fisi wa kweli. Hata siku aliyochoka akaruka kipande, koo lake liliziba pengo. Kioo cha simu hakina koo. Mzigo wote ule unahamia kwenye sababu, na ndiyo maana hadithi ya kuandikwa hudai sababu nyingi kuliko ya kusimuliwa.

Kuhusu adui. Mgogoro si ugomvi. Huhitaji mtu mwenye kovu usoni. Mrusi Vladimir Propp alichambua ngano, yaani hadithi za mapokeo, 100 za Kirusi na mwaka 1928 akaonyesha kuwa zimejengwa kwa vitendo 31 vinavyofuatana, si vyote katika kila ngano. Kinachokuhusu wewe ni pale hadithi inapowaka moto: aliona inawashwa na kimoja kati ya viwili, ama mtu anatendewa ubaya, ama mtu anapungukiwa na kitu. Kupungukiwa kunatosha. Kule kisimani adui wa kwanza alikuwa jua. Wapo hata wanaojenga hadithi bila pambano: Wajapani wana muundo wa hatua nne, wenye asili katika mashairi ya Kichina, ambao hatua yake ya tatu ni mgeuko usioutarajia, na hakuna lazima ya watu kuvutana mashati. Kwa hiyo wanaosema bila mgogoro hakuna hadithi wametia chumvi. Bila mtu kutaka kitu, hapo ndipo mambo yanakuwa magumu sana, na kwa mwandishi wa kwanza nisingekushauri ujaribu.

Nyemo anataka nini? Katika barua yako hataki chochote. Anapatwa.

Lakini kuna kitu kimoja umekitaja mara moja, ukakikimbia. Ng'ombe wanne. Baba amekufa, mali yake iko kwenye zizi la ndugu yake, si mbali kwa basi, na binti yake anabeba ndoo stendi. Kisha sura tisa zinapita na hakuna anayeuliza wale ng'ombe wako wapi! Msomaji wako wa Dodoma, mtu anayejua ng'ombe ni nini nyumbani kwa watu, hatalala kwa swali hilo, na wewe unampikia mambo ya chumba cha kupanga. Rafiki yako aliposema hakuna ploti, nadhani alikuwa anasema: mbona hukunijibu?

Warudishe ng'ombe uone nyingi kati ya zile aina saba zinavyokuja zenyewe. Nyemo akitaka kuwakomboa, na kila shilingi ya stendi na ya Hombolo ikawa nauli na ujasiri wa kufika Bahi, una safari ya kutafuta. Baba mdogo akiwa amekwisha kuwauza, na ana sauti kubwa kwenye vikao vya ukoo, amekuwa zimwi, ingawa ni zimwi linalosalimia vizuri. Akimshitaki, akashinda, akawapata, kisha ukafika msiba mwingine nyumbani kwake na hakuna hata mmoja wa ukoo aliyekuja kukaa mkekani, hiyo ni tanzia, na mimi ningeinunua. Kuna na ramsa humo: baba mdogo ni mtu mwema tu asiye na simu, ng'ombe wamezaana wamekuwa tisa, mwaka mzima anakuja mjini kumtafuta Nyemo, na kila akipita stendi ananunua maji kwa mtoto aliyefunga kitambaa usoni kwa sababu ya vumbi. Kuzaliwa upya huenda kukawa kwa baba mdogo mwenyewe, siyo kwa binti. Ile ya uchochole hadi ukwasi, ng'ombe wanne wakawa genge, genge likawa duka, nakuonya nayo. Ndiyo inayopendwa kuliko zote mitandaoni na ndiyo inayogeuka upesi kuwa tangazo la mkopo.

Ng'ombe ni walewale wanne. Kinachobadilisha jina la hadithi ni binti anataka nini hasa, na atakubali kupoteza nini ili akipate. Ukishajua hayo mawili, jina watakupa walimu.

Tujaribu na sura zako mwenyewe. Tuseme anataka ng'ombe ili amtoe mdogo wake aliyebaki Mvumi kwa majirani. Asubuhi moja stendi anapanda basi la Bahi. Ukiniruhusu, ningeandika hivi:

"Konda wa basi la Singida alikuwa akiita Bahi, Manyoni, Bahi, huku akipiga bodi kwa kiganja. Nyemo aliinua chupa mbili hadi dirishani. Mzee aliyenunua alitoa noti iliyokunjwa mara nne, inayonuka maziwa. 'Baki na chenji, binti, mimi nashuka Bahi tu hapo, mwaka huu maji yametujaa mpaka mlangoni.' Nyemo alishika pindo la kanga. Ndani ya fundo mlikuwa na elfu kumi na mbili, na elfu tisa kati ya hizo ni za mama mwenye maji. Injini ikawaka. Akaiweka ndoo chini kando ya tairi, taratibu, kama anayelaza mtoto. Akapanda."

Zimebaki -ka- tatu. Sasa zinafanya kazi: injini ikawaka, kwa hiyo hakuna muda wa kufikiri, akaiweka ndoo, na hapo maisha ya stendi yamekwisha. Sikusema alikuwa na hofu. Namna alivyoiweka ndoo inasema. Na ona linalofuata: fedha si zake, kwa hiyo hawezi kurudi stendi, kwa hiyo anakwenda Hombolo kuvuna zabibu alipe elfu tisa ya watu. Sura yako iliyokuwa inaning'inia kwa "kisha" imepata msumari. Tena Dodoma zabibu huvunwa mara mbili kwa mwaka, kwa hiyo ukitaka kumbana kwa muda, mavuno yakiisha kazi imekwisha mpaka msimu mwingine.

Kule Bahi asipewe jibu. Baba mdogo asikatae wala asikubali, amkaribishe, ampe uji, amwambie, "Mambo ya ng'ombe hayaongelewi na mtoto, njoo na mtu wa kukusemea." Hilo ni zuio la kwetu kabisa, halihitaji panga. Na kwa kuwa sasa anahitaji mtu wa kumsemea, yule mchumba wa sura ya nane anaingia kwa mlango wake: Nyemo anamkubali haraka kuliko moyo wake ulivyotaka. Wanaachana kwa nini? Kwa sababu mchumba ameanza kuwahesabu ng'ombe kabla ya mwenyewe. Unaona? Sijaongeza sura hata moja. Nimekuongezea "kwa hiyo".

Mandhari nayo uipe kazi. Umeandika sana juu ya vumbi na upepo wa Dodoma, na ni kweli tupu, ila vumbi lako linapita tu kama mapambo. Sisi huku tuna msimu mmoja wa mvua, kwa kawaida toka karibu na Desemba hadi Aprili, kisha ukavu mrefu. Mfugaji anajua kuwa kufikia Oktoba, Novemba, malisho yamekwisha, ng'ombe wamekonda, na mwenye kukonda huuzwa kabla hajafa. Basi Nyemo akichelewa mpaka kiangazi kikaze, baba mdogo atakuwa na sababu ya haki kabisa ya kuwauza. Hapo hali ya hewa imekuwa saa ya ukutani inayogonga sura baada ya sura, na taharuki, ile hamu ya kujua litakalofuata, unaipata bila kumficha msomaji lolote. Wengi wanadhani taharuki ni kuficha. Mimi namhofia zaidi mtu anayekiendea kisima gizani, mimi nikijua kiko wapi na yeye hajui.

Kuhusu kilele na ile michoro ya piramidi inayozunguka mtandaoni, nitapita haraka. Mchoro ule wa kupanda, kufika kileleni na kushuka ni wa Mjerumani Gustav Freytag, mwaka 1863, na aliutoa kwenye tamthiliya, hasa tanzia za Wagiriki na za Shakespeare. Unafaa sana jukwaani. Usipime sura zako kwa rula ukihofia kilele chako kimeangukia ukurasa usiostahili. Jiulize tu ni wapi Nyemo anafanya uamuzi ambao hauwezi kurudi nyuma. Huko ndiko kilele kiliko, hata kikiwa kwenye kikombe cha uji.

Una njia tatu mbele yako na zote ni halali. Ya kwanza ndiyo hiyo: riwaya moja, uzi wake ng'ombe. Inataka uandike upya karibu kila sura, na kwa mwendo wako wa dukani ni mwaka mwingine mzima. Wengi huishia njiani. Ya pili, uzivunje ziwe hadithi fupi tano au sita, stendi peke yake, Hombolo peke yake, kila moja na haja yake ndogo na mwisho wake. Kwa uandishi wa simu hii ni rahisi kumaliza, na kumaliza kitu kidogo kunafundisha kuliko kuanza kikubwa. Hasara yake ni kwamba ng'ombe watapotea, na mimi nimekwisha kuwapenda. Ya tatu ni kuacha kuita hadithi ya kubuni, uandike kweli maisha ya dada yako, yeye akisimulia kwa "mimi". Maisha ya kweli yanasamehewa "kisha" nyingi zaidi, kwa sababu msomaji anajua hukuyapanga wewe. Lakini hiyo si yako peke yako kuamua.

Na hapa nizungumze kama mzazi, ukiona nimekosea unisamehe. Mwandishi anapotaja ng'ombe wanne halafu akanyamaza sura tisa, mara nyingi hakusahau. Nadhani baba mdogo yupo, mnakutana naye misibani, anakuuliza biashara inaendaje. Kama ndivyo, ploti yako hukuikosa; uliizunguka. Ninakuelewa. Ila usidhani kubadili jina la binti kunatosha. Mvumi, Bahi, ng'ombe wanne, genge: ukoo mzima utajua ukurasa wa pili. Hamisha vijiji, ng'ombe wawe mbuzi au shamba la mizabibu, baba mdogo awe shangazi. Haja ya binti haitaumia. Lakini kabla ya hayo mketishe dada yako, msomee, na akisema hapana, iwe hapana. Yeye alibeba ndoo, wewe umebeba simu.

Kama jambo lenyewe bado halijaisha, yaani mali ya marehemu haijagawanywa, usilitafutie haki kwenye riwaya. Lipelekeni kwa wazee wa ukoo, na wakishindwa Mahakama ya Mwanzo hupokea mashauri ya mirathi. Watoa msaada wa kisheria wapo mjini, nendeni wenyewe na vielelezo. Na ikiwa kumsomea kunamrudisha dada kwenye usiku mbaya, hataki kula, hapati usingizi, muache hadithi kwanza, mwende hospitali mkaonane na mtu wa ushauri nasaha.

Kwa upande wa uandishi, kuna mahali ambapo barua hainisaidii kukusaidia. Tafuta watu wawili, mmoja anayekupenda na mmoja asiyekujali sana, wasomee sura moja kwa sauti, na usitazame karatasi tu, watazame wao. Pale wanaposhika simu zao, weka alama. Walimu wa Kiswahili wa Chuo Kikuu cha Dodoma hawako mbali nawe. Nenda na kurasa kumi zilizochapwa, si mia, uombe nusu saa. Maktaba ya mkoa nayo ina meza tulivu kuliko kaunta ya vipuri. Taasisi ya Elimu Tanzania huendesha Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, na riwaya imo. Soma tangazo la mwaka husika kwa makini kabla ya kutuma. Mtu akikuambia umlipe wewe ndipo akuchapishie, usitoe hata senti kabla hujaona vitabu vyake mkononi na kuzungumza na mwandishi mmoja aliyechapishwa naye.

Ukishazungumza na dada, rudi sura ya pili. Umeandika "ng'ombe wanne", basi. Mtu wa Mvumi hahesabu hivyo. Muulize kila mmoja alikuwa na rangi gani, yupi alivunjika pembe, na yupi baba alikuwa akimwita kwa jina.